Gari "haitembei" lakini fluidi zote zimechoka: kisa cha kilomita 14,000 kwa miaka 4

Gari ikitembea kilomita 14,000 kwa miaka minne watu wanakwambia hiyo bado mpya, imepaki tu. Mwenye gari ya kisa hiki naye alikuwa anaamini hivyo, na kusema ukweli hakuwa mtu wa kupuuzia gari, stika ya oili ipo pale juu ya kioo, kila ikisogea kilomita 5,000 anaipeleka, oili inamwagwa, filta ya oili inabadilishwa, anaondoka roho safi. Halafu siku moja anashuka mteremko mrefu, gari imejaa familia na mizigo, anakanyaga breki pedali inazama mpaka chini, gari haishiki. Akavuta handibreki kidogo kidogo, akaweka gia ya chini, akafanikiwa kuisimamisha pembeni. Hakuna aliyeumia.

Nakieleza hiki kisa chote mwanzo mpaka mwisho kwa sababu gari hii ilifuata kilomita vizuri kabisa na bado karibu kila kimiminika ndani yake kilikuwa kimeisha muda, na naona gari nyingi sana za aina hii, gari za "mimi naendea kazini tu".

Gari ni hatchbeki ndogo, injini ya petroli ya cc 1300, giaboksi ni CVT (otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia), gari ina miaka 9. Aliinunua ikisoma kilomita 72,000, sasa inasoma 86,000. Kazi yake ni kupeleka watoto shule, kwenda kazini, kurudi, yaani inawaka dakika kumi hivi inazimwa, inakaa juani, inawaka tena dakika kumi inazimwa. Safari ndefu ni mara chache sana kwa mwaka. Oili ya injini ilibadilishwa siku aliyoinunua, ikabadilishwa tena kwenye 77,000 na 82,000. Ukipiga hesabu hapo unaona oili moja inakaa kwenye injini karibu mwaka na nusu. Breki fluidi haijaguswa, oili ya giaboksi haijaguswa, kulanti (kimiminika cha kupooza injini) haijabadilishwa ila inaongezwaongezwa maji ya bomba "ikipungua kidogo". Hilo neno ikipungua kidogo tutalirudia maana lina mambo.

Ujumbe wake ulikuwa hivi: "Fundi shikamoo, pedali ilizama kabisa, nikakaa pembeni kama nusu saa nikaikanyaga tena ikawa ngumu kama kawaida, nikaendesha pole pole. Fundi mmoja wa njiani akafungua boneti akasema hedi gasketi (ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini) imekwenda, injini ifunguliwe. Sasa breki na hedi gasketi vinahusiana vipi?"

Marahaba dada. Havihusiani. Nikamwambia usiruhusu mtu afungue injini, na hiyo gari usiiendeshe tena hata kwenda sokoni, ibebwe iletwe.

Breki kwanza

Hapa kuna maelezo aliyotoa bila kujua kwamba ametaja ugonjwa wenyewe: pedali ilizama breki zikiwa za moto, zikapoa, ikarudi kuwa ngumu. Breki zikigoma kwenye mteremko kuna njia tatu au nne na kila moja ina tabia yake mguuni. Pedi zikipata moto kupita kiasi zinapoteza mkwaruzo, lakini pedali inabaki ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote gari haisimami. Masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) ikichoka ndani, pedali inazama taratibu hata gari ikiwa baridi, umesimama kwenye taa umeshikilia breki unaona mguu unaenda chini wenyewe. Kukiwa na uvujaji fluidi inapungua kwenye kikopo na taa ya breki inawaka. Sasa pedali ambayo ni nzuri asubuhi, inazama kwenye mteremko, inarudi baada ya kupoa, na kikopo kimejaa, hapo fluidi yenyewe imechemka ndani ya kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski). Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabanika, fluidi haibaniki, kwa hiyo unapokanyaga unabana mvuke tu na presha haifiki kwenye pedi.

Kwa nini ichemke? Breki fluidi ya kawaida, hizi DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, inavuta unyevu. Inauvuta kupitia kwenye hozi za mpira, kupitia kifuniko, taratibu, usiku na mchana, gari ikitembea au ikiwa imepaki. Kiwango cha chini kinachotakiwa kwa DOT 3 mpya ni ichemke kwenye nyuzi 205 za selsiasi, ikiwa imeshanyonya maji kufikia asilimia 3.7 kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji, DOT 5.1 ni 260 na 180. Diski ya mbele kwenye mteremko mrefu na gari iliyojaa inaweza kupita nyuzi 300, na joto hilo linapita kwenye pedi na pistoni mpaka kwenye fluidi. Mjini unakanyaga breki sekunde tatu unaachia, kalipa inapoa, kwa hiyo fluidi mbovu inaweza kukaa miaka bila kukuonyesha dalili yoyote, ndo maana huyu dada alishangaa sana, "lakini breki zilikuwa nzuri jana yake".

Gari ilipofika tukaangalia: pedi zina nyama ya kutosha, diski za mbele zimebadilika rangi kidogo kuwa za bluu, hakuna tone linalovuja, kikopo kiko karibu na MAX. Kifuniko kimeandikwa DOT 3. Fluidi nyeusi nyeusi. Rangi peke yake haikupi jibu, kuna fluidi safi kwa macho na imejaa maji, kwa hiyo tukaipima kwa kile kifaa kinachoichemsha kabisa, ikasoma nyuzi 138. Iko chini hata ya kile kiwango cha fluidi iliyoshanyonya maji. Vile vikalamu vya kupima unyevu vyenye taa za kijani na nyekundu vinasaidia kwa haraka ila vinapima umeme unavyopita kwenye fluidi, na aina za fluidi zinatofautiana, kwa hiyo mimi navichukulia kama dokezo tu.

Kazi ilikuwa kutoa fluidi yote ya zamani mpaka ianze kutoka safi kwenye kila tairi, kufuata mpangilio wa kitabu cha gari (gari nyingi unaanza tairi la mbali na masta silinda, ila si zote), na kikopo hakiruhusiwi kukauka katikati ya kazi kwa sababu ukivuta hewa ikaingia kwenye moduli ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge) utapata shida kuitoa bila mashine. Tumeweka DOT 4, inachanganyika na DOT 3 na inavumilia joto zaidi. Ila usije ukaweka DOT 5 ya silikoni kwenye gari ya namna hii, jina linafanana na 5.1 lakini ni kitu kingine kabisa hakichanganyiki na hizi. Na kopo liwe jipya, halijafunguliwa, maana kopo lililofunguliwa likakaa kwenye kabati miezi nalo limekuwa likinyonya unyevu muda wote.

Breki fluidi ni kila miaka 2. Hata kama gari haijatoka getini. Watengenezaji wengine wanaandika miaka 3, wengine hawaandiki kitu wanasema ikaguliwe, mimi nasimama kwenye miaka 2 na sioni sababu ya kubishana hapo, ni kazi ya saa moja hivi na ndicho kitu kinachosimamisha gari.

Kuna jambo moja pia la uendeshaji, sitaki kulipita. Alikuwa kwenye D mteremko mzima, mguu kwenye breki bila kuachia. CVT yake ina nafasi ya B, nyingine zina L au S, ukiiweka hapo kwenye mteremko injini inasaidia kushikilia gari na breki zinapumua. Hata fluidi ikiwa mpya kabisa, kuning'inia kwenye breki mteremko mzima kunaipikia joto bure.

Sasa hii "hedi gasketi"

Fundi wa njiani aliona vitu viwili. Alifungua kifuniko cha oili akakuta utando wa njano njano mzito kama mayonezi, akaangalia kikopo cha kulanti akakuta iko chini, na mwenye gari akamwambia kwenye kupandisha mshale wa joto ulisogea juu kidogo. Akajumlisha, akasema maji yanaingia kwenye oili. Simlaumu kwa kuwaza hivyo, dalili hizo zikiwa pamoja lazima uwaze hedi gasketi, ninachokataa ni kufungua injini kabla ya kupima, kwa sababu vipimo vya hedi gasketi ni rahisi na vinachukua muda mfupi kuliko hata kufungua boliti za intek (njia ya hewa ya injini).

Tulifanya hivi. Dipstiki: oili ni nyeusi, haina maziwa, utando uko juu kwenye kifuniko tu. Rejeta ikiwa wazi injini inawaka: hakuna mapovu yanayoendelea. Moshi: hakuna moshi mweupe ukishapata moto. Halafu kile kipimo cha maji ya bluu kinachokaa kwenye mdomo wa rejeta, yanageuka njano yakikutana na gesi ya mwako, tukakiacha na injini imeshapata moto, yakabaki bluu. Mwisho tukapampu presha kwenye mfumo wa kulanti, presha ya kifuniko chake, tukaacha. Ikashuka taratibu. Kuifuatilia tukakuta kwenye wota pampu, kile kitundu kidogo cha chini kinachotoa tone sili ikichoka, kuna ukoko wa pinki umeganda. Kulanti ilikuwa inapotelea hapo, kidogo kidogo, inakauka kwa joto la injini kabla haijadondoka chini, ndo maana hakuwahi kuona alama ya maji alipopaki.

Kwa hiyo ni matatizo mawili ambayo hayajuani, wota pampu inavuja kwa nje, na utando wa kwenye kifuniko unatoka kwenye oili yenyewe. Hedi gasketi ni nzima.

Turudi kwenye "ikipungua kidogo". Mfumo wa kulanti umefungwa. Kiwango kwenye kikopo kinapanda injini ikiwa ya moto na kushuka ikipoa, hiyo ni kawaida, lakini ukiipima asubuhi ikiwa baridi inatakiwa iwe palepale mwezi hadi mwezi. Ukiona unaongeza mara kwa mara hata nusu glasi, kuna sehemu inatoka, itafute. Yeye alikuwa anaongeza maji ya bomba na tulipopima kwa refraktomita kulanti ilikuwa imebaki chini ya asilimia 20, iliyobaki ni maji.

Kuna watu watakwambia maji yanapooza vizuri kuliko kulanti na wako sahihi nusu, maji matupu yanabeba joto vizuri zaidi. Shida iko kwingine. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unachemka karibu nyuzi 107 bila presha, na ukiufunga kwa kifuniko kizima unafika karibu 129, maji matupu yanaanzia 100. Halafu kulanti ina dawa za kuzuia kutu kwenye alumini na chuma, na hizo dawa ndo zinazozeeka, rangi inaweza kubaki nzuri na dawa imeisha. Maji ya bomba yanaleta chokaa kwenye vijia vya rejeta na yanasumbua sili ya wota pampu. Siwezi kuapa kwamba maji ndiyo yaliyoua pampu hii, gari ina miaka 9 na sili nazo zinachoka, ila hayakuisaidia.

Kuhusu mshale wa joto, kwenye gari nyingi za sasa umetengenezwa ukae katikati ingawa joto linapanda na kushuka kwa nyuzi nyingi tu, ili dereva asipate wasiwasi bure, maana yake ukiuona umeanza kusogea ujue joto limeshapanda sana. Gari nyingine hazina hata mshale, zina taa ya bluu na nyekundu tu. Kwa hiyo "ulisogea kidogo" ni taarifa nzito.

Tumebadilisha wota pampu, temostati, feni belti (ilikuwa na nyufa na lazima uitoe ukifungua pampu), kifuniko cha rejeta, tukasafisha mfumo kwa maji ya distil mpaka yakatoka meupe, tukajaza kulanti ya muda mrefu ile inayotakiwa na mtengenezaji, iliyochanganywa tayari. Rangi isikudanganye, pinki ya kampuni moja na pinki ya nyingine zinaweza kuwa dawa tofauti, soma maandishi ya kwenye galoni. Kulanti za kizamani za kijani ni kama kila miaka 2, hizi za muda mrefu zinaenda miaka 5 na zaidi, Toyota kwa mfano kulanti yao ya pinki kutoka kiwandani wanaipa kilomita 160,000 au miaka 10 mara ya kwanza halafu kila 80,000 au miaka 5. Ila muda huo unahesabika kama hujaongeza maji. Ukishaichovya na maji ya bomba hesabu imekufa.

Oili: imebadilishwa kwa wakati na bado imechelewa

Hapa ndo watu wanabisha zaidi. Ameweka oili kila kilomita 5,000, sasa kosa liko wapi?

Petroli ikiungua inatoa maji. Lita moja ya petroli inatoa maji karibu lita moja, mengi yanatoka kwenye ekzosi kama mvuke, kiasi kinapita pembeni ya ringi za pistoni kinashuka kwenye sampu (trei ya oili chini ya injini) pamoja na petroli kidogo ambayo haikuungua. Injini ikifanya kazi muda mrefu oili inapata moto vizuri, karibu nyuzi 100, ile petroli na maji vinageuka mvuke vinavutwa na kile kivalvu cha kutolea hewa chafu vinakwenda kuungua. Injini ikizimwa baada ya dakika kumi oili haijafika huko. Kumbuka oili inachelewa kupata moto kuliko kulanti, mshale wa joto unaweza kuwa tayari katikati na oili bado. Kwa hiyo maji yanabaki, petroli inabaki, kesho inaongezeka, keshokutwa inaongezeka, dawa za oili zinazopambana na asidi zinaisha, na mvuke unaganda kwenye sehemu ya baridi zaidi ambayo ni kifuniko cha juu, hapo ndo mayonezi inapotoka. Tulivyonusa dipstiki ilikuwa inanuka petroli kabisa.

Kwa hiyo kilomita 4,000 za gari hii tangu oili ya mwisho ni za kuwasha na kuzima, na zinachosha oili kuliko kilomita 10,000 za mtu anayekula barabara kuu kwa saa tatu mfululizo. Fungua vitabu vya gari nyingi, kuna jedwali la matumizi ya kawaida na jedwali la matumizi magumu, na kwenye matumizi magumu utakuta vumbi, kuvuta tela, kusimama muda mrefu injini ikiwaka, na safari fupi za kurudiarudia. Watu wakisikia matumizi magumu wanawaza lori la mchanga. Mama anayepeleka watoto shule dakika kumi yumo humo ndani.

Kipimo ninachokitumia mimi: oili ya sintetiki, gari inapata safari ndefu za kutosha, kilomita 8,000 mpaka 10,000 au mwaka 1, kipi kitangulie. Safari fupi au vumbi, 5,000 au miezi 6. Oili ya kawaida ya madini, 5,000 au miezi 6 bila kujadiliana. Haya maneno "kipi kitangulie" yameandikwa kwenye vitabu vingi na ndo watu wanayaruka, stika nyingi zinaandikwa kilomita tu, tarehe inaachwa wazi.

Kitu kingine, stika yake iliandikwa 20W-50, yaani oili nzito. Kitabu kinataka 0W-20 na kinaruhusu 5W-30. Sababu aliyopewa ni kwamba gari imezeeka na oili nzito inalinda. Injini hii ina valvu taiming (muda wa kufungua na kufunga valvu) inayobadilika kwa presha ya oili kupitia vijia vyembamba, na asubuhi ikiwashwa inataka oili ifike juu haraka, oili nzito inachelewa, na kwa gari inayowashwa baridi mara nne kwa siku hilo ni jambo kubwa. Tumerudisha 0W-20 na filta mpya, lita tatu na kitu, na washa (pete ya kuzibia) mpya kwenye nati ya kumwagia. Sikukubali kuweka zile dawa za kusafisha injini kwa nguvu kabla ya kumwaga, kama kuna uchafu umekaa miaka siutaki ung'oke wote kwa mkupuo ukazibe kichujio cha pampu. Badala yake oili hii ya kwanza itatoka mapema, kwenye kilomita 2,000 au miezi 3, itoke na uchafu wake.

CVT

Aliulizwa zamani akaambiwa hii ni ya maisha, haibadilishwi. Maisha ya nani? Baadhi ya watengenezaji wanaandika hivyo kwa matumizi ya kawaida, lakini kampuni hizohizo kwa matumizi magumu wanataka ikaguliwe au ibadilishwe. CVT ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na kinachofanya mkanda ushike bila kuteleza wala kulika ni tabia ya fluidi yenyewe. Ikichoka mshiko unabadilika. Dalili alikuwa nayo tayari, gari ikianza kutembea taratibu asubuhi inatetemeka kidogo, alidhani ni "injini mautingi" (vishikizo vya injini).

Tuliimwaga na kuipima, ikatoka kama lita tatu na nusu, tukarudisha kiasi kilekile cha fluidi ya CVT ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, halafu kiwango kikahakikiwa kwa joto lililotajwa na kitabu, injini ikiwaka. ATF (oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida) hairuhusiwi humu, hata ile ya bei mbaya, itaua mkanda. Sampu ilipofunguliwa sumaku zilikuwa na unga laini wa kijivu, huo ni wa kawaida, hakukuwa na vipande vya kuonekana. Kumwaga mara moja kunatoa karibu nusu tu ya fluidi kwa sababu nyingine inabaki kwenye toki konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi), kwa hiyo itarudiwa baada ya kilomita chache. Kuisukuma yote kwa mashine yenye presha kwenye giaboksi ambayo haijawahi kuguswa miaka 9 sikutaka.

Kuna ile imani kwamba giaboksi ya zamani ukiibadilisha oili inakufa. Ninavyoona, watu wengi wanasubiri mpaka gia zinateleza ndo wanakumbuka oili, wanabadilisha, inakufa wiki ijayo, lawama inaenda kwa oili mpya. Hii yake ilikuwa bado inavuta vizuri, kwa hiyo kuibadilisha kulikuwa na maana. Kilomita 40,000 mpaka 60,000, na kwa gari isiyotembea ningesema usipitishe miaka 4 au 5.

Mengine kwa haraka

Oili ya stelingi: kuna mtu alimwambia ibadilishwe, gari hii stelingi yake ni ya umeme, haina oili. Eya klina ilikuwa imejaa vumbi, imebadilishwa, kawaida ni kilomita 20,000 na mapema zaidi kwenye vumbi. Filta ya AC hakujua kama ipo, nayo imetoka ikiwa nyeusi. Plagi ni za iridiamu, zinaenda kilomita 100,000, tumeziacha. Taiming ni ya cheni, haina tarehe ya kubadilishwa, afya yake inategemea oili, ingekuwa ya belti ningemwambia tuipange sasa hivi bila kujali kilomita maana mpira nao unazeeka kwa miaka. Betri ilisoma volti 12.2 ikiwa imetulia, betri iliyojaa ni 12.6 hivi, na sio mbovu, ni kwamba dakika kumi za safari hazitoshi kurudisha umeme uliotumika kuwashia. Tumeichaji.

Tairi zilinitia wasiwasi kuliko nilivyotegemea. Ashakumbwa na breki, sitaki akumbwe na tairi. Kashata zimejaa kabisa, ukiziangalia haraka unasema mpya, lakini zile namba nne za mwisho za msimbo wa DOT pembeni ya tairi (si DOT ya breki fluidi), mbili ni wiki na mbili ni mwaka, zilionyesha zimetoka kiwandani pamoja na gari, na ukikunja mpira pembeni unaona nyufa ndogondogo. Tairi za miaka 9 hazifai kubeba familia kwenye barabara ya kasi. Amebadilisha zote nne.

Ratiba yake kuanzia sasa

Tumeiandika kwa tarehe, kilomita ziko pembeni kama tahadhari tu, kwa sababu kwa mwendo wake kilomita hazitafika kamwe kabla ya tarehe. Oili ya injini ile ya mapema ikishatoka, itakuwa kila miezi 6. Kila mwezi siku moja, gari ikiwa baridi, anaangalia dipstiki na kikopo cha kulanti, na kikopo kimechorwa alama kwa maka peni ili asibahatishe. Breki fluidi miaka 2, tumeandika mwezi na mwaka kwenye kifuniko chenyewe. Kulanti miaka 5. Na angalau mara moja kwa wiki aiendeshe mfululizo nusu saa na zaidi, barabara inayotembea, ili oili ikauke maji na betri ijae, hilo halina gharama ya spea yoyote.

Ameshaenda safari ile ile ya mteremko tena, akaweka B, pedali ikabaki juu. Kulanti haijashuka kwenye alama. Chini ya kifuniko cha oili kuna utando mwembamba bado, kidogo sana, nategemea utaisha oili hii ikitoka. Mtetemo wa CVT umepungua lakini haujaisha, asubuhi kwenye baridi bado unausikia ukianza kutembea, nilimwambia hivyo tangu mwanzo kwamba fluidi mpya hairudishi chuma kilicholika. Tutamwaga mara ya pili tufungue na sampu, sumaku zikiwa na unga tu tunaendelea hivyohivyo, tukikuta vipande tunakaa chini kuongea habari ya giaboksi.